Mlango wa Rangi Nne: Kwa Nini Howl wa Kitabuni si Howl wa Filamuni

Nyuma ya duka la kofia, katika mji mdogo uitwao Market Chipping, msichana ameinama anashona. Anaitwa Sophie Hatter. Kutwa nzima hana wa kuongea naye, kwa hiyo anaongea na kofia. Moja anaiambia kwamba ina moyo wa dhahabu, na kwamba mtu mwenye cheo atauona moyo huo na kuipenda. Nyingine anaiambia haina budi kuolewa na tajiri. Anazipanga dirishani, zinanunuliwa. Baada ya muda mji unavuma: binti aliyeondoka na ile kofia ya moyo wa dhahabu amechukuliwa na bwana mkubwa. Sophie anasikia, anaendelea kushona. Haoni kwamba yeye anahusika kwa lolote.

Riwaya nzima imejengwa juu ya kitendo hicho kidogo cha msichana anayesemesha kofia. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo imekiacha, na ukielewa kwa nini kimeachwa na kitu gani kimewekwa mahali pake, utaelewa karibu mabishano yote ambayo mashabiki tumekuwa nayo kwa miaka.

Riwaya ni Howl's Moving Castle, ya mwandishi Mwingereza Diana Wynne Jones, iliyotoka mwaka 1986. Wazo lake lilitoka kwa mtoto: mwandishi alikuwa ametembelea shule, mvulana mmoja akamwomba aandike kitabu kuhusu ngome inayotembea. Jones aliandika jina la yule mvulana akaliweka mahali salama mno, hata asilione tena, na ndivyo anavyoeleza mwenyewe mwanzoni mwa kitabu. Miaka 18 baadaye, mwaka 2004, Hayao Miyazaki wa Studio Ghibli ya Japani aliitoa kama filamu ya katuni ya karibu saa mbili. Mimi nilianza na filamu. Niliipenda kiasi cha kukitafuta kitabu, na nilipokimaliza kitabu nilirudi kwenye filamu nina hasira, kwa sababu niliona nimeibiwa. Nimeshaitazama mara nyingi tangu hapo. Hasira imeisha, lakini kuna kidonda kimoja hakijapona, nitakifikia.

Kwanza yale ambayo vyote viwili vinakubaliana. Sophie anafuatwa dukani na Mchawi wa Nyika, mwanamke mwenye nguvu na wivu, ambaye anamgeuza ajuza wa miaka kama 90 na kumfunga asiweze kumwambia mtu yaliyompata. Sophie anaondoka kwao kwa miguu, anaingia kwenye ngome inayotembea nyikani, na kujipa kazi ya usafi. Mwenye ngome ni Howl, kijana mzuri anayesifika kwa kula mioyo ya wasichana. Katika jiko la ngome anaishi Calcifer, jini wa moto, aliyefungana na Howl kwa mkataba ambao wote wawili hawaruhusiwi kuutaja. Calcifer anamwambia bibi kizee: uvunje mkataba wetu, nami nitakuondolea uzee wako.

Hapa Kiswahili kinanilazimisha kuchagua. Nikimwita Howl mchawi, msomaji ataona mtu wa usiku, mroga jirani, anayesubiriwa na wazee wa mtaa. Howl hana habari hizo. Anawauzia manahodha dawa ya upepo, anapokea wagonjwa na wenye shida, na sehemu anazofanyia kazi ana majina tofauti: Porthaven wanamjua kama Jenkin, Kingsbury kama Pendragon. Huyo kwetu ni mganga, tena mganga wa mjini, mwenye mavazi ya kupendeza na madeni. Nitamwita hivyo. Uchawi nautunza kwa yule mama wa Nyika, anaustahili.

Sasa, tofauti ya kwanza, ambayo msomaji aliyekua na hadithi za bibi ataielewa haraka kuliko mwingine. Sisi tuliojibu "pakawa" tunajua mapema nani atashinda. Watoto wakiwa watatu, kifungua mimba ataondoka kwa majivuno na kuangamia, wa pili vilevile, kisha kitinda mimba aliyedharauliwa atagawana chakula chake na bibi kizee wa njiani na kurudi na ufalme. Jones aliichukua kanuni hiyo akaifanya sheria ya nchi. Katika nchi ya Ingary, kila mtu anajua kwamba ukizaliwa wa kwanza kati ya watatu utashindwa, na utashindwa vibaya zaidi ukijaribu kwenda kutafuta bahati yako. Sophie ndiye wa kwanza kati ya watatu. Hakatazwi na mtu. Mama yake wa kambo si katili, wadogo zake wanampenda. Ameisikia tu hadithi, ameiamini, na ameketi.

Filamu haina sheria hiyo. Inatuonyesha mdogo mmoja tu, Lettie, na haisemi popote kwamba wa kwanza kuzaliwa lazima ashindwe. Sidhani kama ni uzembe. Kanuni ya hadithi ni kitu cha masimulizi: inahitaji sauti ya msimulizi ikwambie "katika nchi hii ndivyo ilivyo." Katuni ya saa mbili ingelazimika kumsimamisha mtu aieleze. Badala yake Miyazaki alitafuta kitu ambacho jicho linaweza kukiona chenyewe, akamfanya Sophie aamini kwamba si mzuri. Anapita mbele ya kioo, anavuta kofia yake ya majani ishuke zaidi usoni, anageuka. Sekunde chache, na umeshamjua.

Ukishaona hilo, jambo kubwa linafuata. Ni nani hasa anayemzuia Sophie asirudi kuwa kijana?

Kitabuni jibu linafichwa mbele ya macho yetu. Sophie anaisemesha fimbo yake ya kutembelea njia nzima, na fimbo ile inakuwa fimbo ya nguvu. Anakisemesha kinyago cha shambani, kile cha kutishia ndege, na kinyago kinapata uhai na kuanza kumfuata. Mpaka afike kwa Bi Pentstemmon, mama mtu mzima wa Kingsbury aliyemfundisha Howl, ndipo mtu anamwambia waziwazi: wewe mwenyewe una kipaji, unavipa vitu uhai kwa kuvisemesha. Waswahili husema maneno huumba, na tunalisema hasa kumwonya mtu anayejinenea mabaya. Rudi sasa nyuma na usome Sophie amekuwa akijinenea nini kutwa kucha. Mimi ni mzee. Mimi ni wa kushindwa. Hakuna cha kutarajia kwangu. Mwenye ulimi wa kuumba anajiumba hivyohivyo. Baadaye inabainika kwamba Howl aliuona uchawi ule siku za mwanzo na alijaribu kwa siri, zaidi ya mara moja, kuuondoa, ukamshinda, mpaka akafikia kuamini kwamba bibi huyu anapenda kujificha ndani ya uzee. Sophie anakasirika sana kuambiwa hivyo. Anakasirika kwa sababu ni kweli.

Maneno ya ndani ya kichwa utayachoraje? Hapa ndipo ninapomvulia Miyazaki kofia. Uzee wa Sophie filamuni hautulii. Akilala, uso unakuwa wa msichana. Akisahau nafsi yake kwa sababu anamtetea Howl mbele ya Madam Suliman, mganga mkuu wa mfalme, mikunjo inapungua, mgongo unanyooka, sauti inakuwa changa. Suliman akimwambia kwamba anampenda yule kijana, uzee unamrudia palepale kama mtu aliyefunikwa shuka. Halafu kuna bustani ya maua ambayo Howl amemtengenezea. Wamesimama wawili, Sophie ni kijana kabisa isipokuwa nywele. Anasema yeye si mzuri, anachoweza ni usafi tu. Howl anamwambia ni mzuri. Katikati ya sifa hiyo uso wake unazeeka, na kwa mdomo wa kizee anajibu kwamba faida ya uzee ni kutokuwa na mengi ya kupoteza. Mara ya kwanza nilidhani wachoraji wamekosea. Kumbe Mchawi wa Nyika hakuwa na kazi yoyote pale bustanini. Aliyemzeesha Sophie dakika ile ni Sophie.

Katika sauti ya Kijapani Sophie wa miaka 18 na wa miaka 90 wanasemwa na mwigizaji mmoja, Chieko Baisho, aliyekuwa amevuka miaka 60. Kwa Kiingereza walitumia wawili, Emily Mortimer kwa kijana na Jean Simmons kwa mzee. Ukipata nafasi sikiliza ya Kijapani japo husomi manukuu kwa kasi. Sauti moja inayopanda na kushuka ngazi za umri ndani ya sentensi moja inaeleza jambo hili kuliko makala yangu.

Na tukitaja ngazi, siwezi kuziruka zile za ikulu. Hazimo kitabuni. Sophie amekwenda kwa mfalme akijifanya mama yake Howl, na wakati huohuo Mchawi wa Nyika amefika akibebwa kwenye kiti. Uganga wa ikulu unawayeyusha wapagazi wake, mama mzima anabaki chini ya ngazi ndefu nyeupe, jua la mchana, mwili mkubwa, koti la manyoya. Sophie naye anapanda, kakumbatia mbwa mzito mwenye miguu mifupi anayedhani ni Howl amejigeuza. Vizee viwili, vinahema. Jasho linamtiririka yule mchawi, shingo inateremka, rangi ya mdomo inachafuka. Sophie angeweza kufurahi, maana huyo ndiye aliyemtenda. Anageuka na kumhimiza. Hakuna muziki mkubwa, hakuna uganga, ni kupanda ngazi tu, na tukifika juu adui ameshakuwa mtu. Ndiyo maana baadaye tunakubali Sophie amlishe kwa kijiko nyumbani kwake. Kitabuni Mchawi wa Nyika ni adui mpaka mwisho, na anakufa. Nasema bila kusita kwamba hapa filamu imeongeza kitu ambacho riwaya haikuwa nacho.

Mlango ndio sehemu inayowatatiza wengi zaidi. Ngome ya Howl ina mlango mmoja wenye kitasa cha rangi nne. Ukizungusha kwenye buluu unatokea Porthaven, mji wa bandari. Nyekundu ni Kingsbury, mji wa mfalme. Kijani ni nyikani, ngome inakotembea. Nyeusi ni ya Howl peke yake.

Kitabuni, siku Sophie anapopita kwenye nyeusi, anatokea Wales. Wales hii ya kweli, ya magharibi mwa Uingereza, zama zetu hizi. Kuna barabara ya nyumba zinazofanana, kuna gari linalomtisha kwa muungurumo, kuna watoto wamekodolea macho mchezo kwenye kioo. Mganga wa kutisha wa nchi ya Ingary jina lake halisi ni Howell Jenkins, amesoma chuo kikuu, ana dada aitwaye Megan anayemgombeza kwa kukosa kazi ya maana, na wapwa wawili anaowapenda. Kila ambacho wanakijiji wanakinong'ona juu yake kinaishia hapo, kwenye nyumba ya dada mwenye hasira. Giza la siri ni nyumbani kwao tu. Jones mwenyewe alipelekwa Wales alipokuwa na miaka 5, vita kuu ya pili ilipoanza, na baba yake alikuwa mtu wa huko. Mahali alipofichwa na vita akapafanya mahali pa mganga wake kujificha.

Filamuni, ukizungusha kwenye nyeusi unatokea vitani. Usiku, anga jekundu, ndege za chuma zinadondosha mabomu juu ya miji. Howl anatoka pale akiwa na mabawa na kurudi alfajiri akiacha alama za damu sakafuni, kila safari akichelewa zaidi kurudi kuwa binadamu.

Hapa ndipo wasomaji wa kitabu hupiga kelele: vita imetoka wapi? Haikutoka hewani. Riwaya ina minong'ono ya vita, na mfalme ana wasiwasi na nchi jirani. Lakini Miyazaki aliuchukua mnong'ono akaufanya mngurumo, na sababu zinajulikana. Alizaliwa mwaka 1941. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha vipuri vya ndege za kivita. Alikuwa na miaka 4 mji wa Utsunomiya, walikokuwa wakiishi, ulipopigwa mabomu ya moto mwaka 1945. Kisha, filamu ikiwa kazini, Marekani ikaivamia Iraki mwezi Machi 2003, mwezi uleule filamu yake iliyotangulia ilipopata tuzo ya Oscar. Hakwenda kuipokea. Miaka kadhaa baadaye alisema hakutaka kutia mguu katika nchi iliyokuwa ikiipiga Iraki mabomu. Mtu mwenye mambo hayo kifuani alipewa kitasa chenye rangi nyeusi. Angeweka nini kingine nyuma yake?

Nikikumbuka kwamba Jones na Miyazaki wote walikuwa watoto wa vita ileile, mmoja akiwa Uingereza na mwenzake Japani, nauona mlango ule kwa namna nyingine. Kila mmoja aliweka nyuma ya nyeusi utoto wake.

Ila badiliko hilo limegusa tabia ya Howl, na si kila shabiki ameliona. Howl ni mwoga, kote kuwili. Woga wake kitabuni ni aibu na kichekesho: anakwepa kazi ya mfalme, anamkimbia Mchawi, anawatoroka wasichana akishawapata, na anakaa bafuni saa nzima ili asikutane na jambo. Ni kasoro, naye hubidi ajidanganye kwamba haendi kwenye hatari ili apate kwenda. Filamuni mfalme anataka waganga wote wakapigane. Anayekimbia wito huo hakimbii wajibu, anakataa kuua. Neno ni lilelile, mwoga, lakini Miyazaki ameligeuza kuwa sifa. Howl wa filamu ni mtukufu kuliko wa kitabu. Wa kitabu ni mtu zaidi, na mimi nampenda huyo zaidi, pamoja na uongo wake na rangi zake za nywele.

Mengine nayapita. Riwaya ina sura 21, na filamu isingeweza kuzibeba zote: wale wadogo wawili wa Sophie waliobadilishana nafasi za kazi, shairi la zamani lililogeuka laana, Suliman ambaye kitabuni ni mwanamume aliyepotea. Filamu ilimchukua Suliman na Bi Pentstemmon ikawafinyanga kuwa mama mmoja, ni kazi ya kawaida ya kuhamisha riwaya. Mwisho wa vita filamuni umefanywa haraka, mama yule anaamua tu yaishe, na sina utetezi kwa hilo.

Kidonda changu ni hiki. Filamu imemnyang'anya Sophie kipaji chake. Amepewa moyo mkubwa, ushujaa, upendo, kila kitu isipokuwa ule ulimi. Hakuna Bi Pentstemmon wa kumwambia "wewe mwenyewe unacho." Msichana anayetazama filamu anaondoka akijua kwamba Sophie alimwokoa Howl kwa kumpenda. Anayesoma kitabu anajua kwamba alimwokoa kwa sababu alikuwa na uwezo, na hatimaye aliujua.

Lakini kuna alama iliyobaki, na niliigundua nilipotazama tena baada ya kusoma. Mwishoni Sophie ameushika moyo wa Howl ulio ndani ya Calcifer. Kitabuni anamwambia jini yule aishi miaka elfu mingine, anasema huku akikusudia kwa nguvu zote, na inakuwa. Filamuni naye anatamka miaka elfu ileile: Calcifer aishi miaka elfu, na Howl arudishiwe moyo wake. Maneno karibu ni yaleyale. Tofauti iko kwenye namna ya kuyatamka, kwani filamuni yanatoka kama dua, kichwa kimeinama, na kitabuni yanatoka kama amri. Kinyago cha shambani vilevile: filamuni Sophie anakiambia kimtafutie pa kulala, kinaondoka, kinarudi na ngome nzima nyuma yake. Aliyesoma anatabasamu. Miyazaki hakuufuta ulimi wa Sophie, ameuacha ufanye kazi bila kumwambia yeyote, hata mwenyewe.

Kisha nywele. Kitabuni Howl anaamka akiwa na moyo kifuani, maumivu yamemjaa, na muda si mrefu wanabishana kama nywele za Sophie ni za rangi ya tangawizi au dhahabu nyekundu, maana ujana umerudi wote, na Sophie hakosi kumkumbusha kwamba zake angalau ni za asili. Filamuni uso unarudi, mgongo unarudi, nywele zinabaki nyeupe. Howl anafungua macho, anaziona, anamwambia zina rangi ya mwanga wa nyota. Sophie hazifuniki.